Ugonjwa Usio na Haraka: Kisukari na Mishipa ya Damu Katika Mwambao wa Rumonge

Mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, tangu Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, umezoea magonjwa yenye haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wajerumani walipokuwa wakitawala, malale yaliingia katika ukanda huu, yakaua watu wengi na kuwafanya wengine wahamishwe kutoka kando ya maji. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia nchini Burundi, na tangu hapo hakikuusahau mwambao huu. Mwaka 1992 kilizuka Rumonge, na wataalamu waliokwenda kukichunguza waliona kwamba waliokuwa wakioga ziwani na kunywa maji yake ndio walioshikwa zaidi. Malaria haihitaji hata kuzuka, kwa kuwa ipo mwaka mzima katika bonde la Imbo.

Magonjwa ya namna hiyo humzoeza mtu kuutambua ugonjwa kwa kishindo chake. Homa hupanda, tumbo huharisha, mgonjwa huanguka, na ukoo mzima hujua. Kwa hiyo mtu anayekula vizuri, anayekwenda sokoni kuuza mukeke na ndagala, na ambaye hana homa, huhesabiwa kuwa mzima, naye mwenyewe hujihesabu hivyo. Kisukari cha watu wazima hakimo katika hesabu hiyo. Chaweza kukaa mwilini miaka mingi kikifanya kazi yake ndani ya mishipa ya damu pasipo maumivu yoyote, na siku kinapojionyesha, mara nyingi kimekwisha chukua kitu: jicho, au figo, au mguu.

Tiba iliyoletwa na ukoloni haikukusudiwa kuutafuta ugonjwa kama huo. Robert Koch, yule mwanasayansi mashuhuri wa Kijerumani, alipofika visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria mwaka 1906 kuchunguza malale, aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Utaratibu huo wa kambi, sindano na kufyeka vichaka ukapelekwa pia katika Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliowafukuza Wajerumani mwaka 1916 waliendelea katika njia ile ile ya kampeni na misafara ya sindano. Hapana budi kusema kweli kwamba kampeni hizo ziliokoa maisha ya watu. Lakini ni dhahiri pia kwamba zilijali kwanza lile lililotishia nguvukazi ya mashamba na ya barabara. Darubini ilielekezwa kwenye kidudu. Mtu mwenye umri wa miaka 50 aliyeanza kuona ukungu machoni hakuwa na msafara wa kumtafuta.

Na kusema haki, zama hizo hata kisukari chenyewe kilikuwa na haraka, angalau kile kilichofika hospitali. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo ni wa nadra na huua sana. Waganga wa kale wa Uhindi walikuwa wameutambua kwa mkojo uliovuta sisimizi. Mwingereza Thomas Willis, katika karne ya 17, aliuonja mkojo na kuandika kwamba una utamu kama wa asali. Mwaka 1776 mwenzake Matthew Dobson aliukausha mkojo wa mgonjwa juu ya moto, akapata unga mweupe uliokuwa na ladha ya sukari, na akaonyesha kwamba damu ya mgonjwa nayo ina utamu. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Yote hayo yalikuwa maarifa makubwa, wala hayakumponya mtu hata mmoja.

Badiliko lilikuja Toronto, nchini Kanada. Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walitoa insulini katika kongosho za wanyama mwaka 1921, na mwanakemia James Collip akaisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 mtoto wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza. Alikuwa amekonda kiasi cha kukaribia kufa. Baada ya dawa kusafishwa zaidi na kudungwa tena mwezi ule ule, sukari yake ilishuka na nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo ambayo Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2006 iwe Siku ya Kisukari Duniani.

Habari hiyo husimuliwa mara kwa mara, nayo yastahili. Kinachosimuliwa kwa nadra ni yale yaliyofuata. Wagonjwa ambao zamani wangalikufa katika muda wa mwaka mmoja au miwili sasa waliishi miaka 10, 20, 30. Na katika miaka hiyo waliyoongezewa, madaktari wakaanza kuona vipofu wengi kuliko kawaida, na figo zilizokufa, na miguu iliyooza kuanzia vidoleni. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza uharibifu wa pekee waliouona katika figo za wagonjwa wa kisukari waliofariki: vichujio vidogo vya figo vilikuwa vimejaa vifundo vigumu. Insulini ilikuwa imekigeuza kisukari, kutoka ugonjwa wa haraka kikawa ugonjwa wa mishipa ya damu.

Ni vema kueleza jambo hili kwa lugha nyepesi. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, kuta za mishipa midogo, ile isiyoonekana kwa macho, huwa nene na wakati huo huo huvuja. Katika jicho, mishipa hiyo huvimba, hupasuka na kumwaga damu mbele ya utando unaopokea mwanga. Katika figo, kichujio kilichotakiwa kuzuia protini huiachia ipite katika mkojo. Mishipa ya fahamu ya miguuni nayo hudhurika, na mtu huacha kuhisi. Upande mwingine iko mishipa mikubwa, ya moyo, ya kichwa na ya miguu, ambayo mafuta hujikusanya ndani yake na kuibana. Humo ndimo zinamotoka shambulio la moyo, na kiharusi, na kidole cheusi kisichopata damu.

Swali likawa: je, daktari atajuaje kwamba mgonjwa wake anaelekea huko kabla ya kufika? Kwa miaka mingi zahanati za Afrika Mashariki zilitegemea maji ya buluu ya Benedict, ambayo wengi waliosoma sekondari wanayakumbuka darasani. Mkojo ulichemshwa pamoja nayo, na rangi ikageuka kuwa kijani, manjano, au nyekundu ya matofali kadiri sukari ilivyozidi. Kipimo hicho kilikuwa rahisi, lakini kilikuwa na kasoro mbili. Figo haziiachii sukari mpaka izidi sana katika damu, kwa hiyo mkojo waweza kuonekana safi huku mishipa inaharibika. Tena kilieleza saa zilizopita tu. Mgonjwa aliyefunga chakula jana ili ampendeze daktari alionekana mwema, hata kama mwezi mzima uliotangulia alikuwa ameishi kwa chai yenye sukari nyingi.

Jibu lilipatikana mahali ambapo halikutazamiwa. Mwaka 1968, mjini Tehran, Samuel Rahbar alikuwa akichunguza damu za wagonjwa wengi akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida. Hemoglobini ni ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Katika damu za watu wawili aliona alama ya ajabu, na alipouliza habari zao akaambiwa kwamba wote wawili wana kisukari. Akatafuta wagonjwa wengine wa kisukari, na alama ile ile ikaonekana. Ilikuwa ni sukari iliyoganda juu ya hemoglobini. Kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120, sukari iliyoganda juu yake ni kama daftari la miezi miwili au mitatu iliyopita, wala daftari hilo haliwezi kufutwa kwa mfungo wa siku moja. Mwaka 1976 watafiti wa New York, akiwamo Anthony Cerami, walionyesha kwamba alama hiyo hupanda na kushuka kufuatana na jinsi ugonjwa unavyotunzwa. Madaktari huiita hemoglobini A1c.

Baada ya hapo mabishano ya miaka mingi yakapata mwamuzi. Walikuwapo madaktari waliosema kwamba uharibifu wa mishipa ni majaliwa, utakuja hata sukari ikitunzwa. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wanaotegemea insulini. Miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, utunzaji mkali wa sukari ulipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Mwaka 1998 Waingereza nao walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa miaka 20 katika kisukari cha watu wazima, uliowahusu watu 5,102. Kuishusha hemoglobini A1c kutoka asilimia 7.9 hadi 7.0 kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Hoja ya majaliwa ikaishia hapo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba asilimia 6.5 au zaidi ni dalili ya kutosha kumtambua mwenye kisukari, mradi kipimo kiwe sahihi na mgonjwa asiwe na hali inayokipotosha.

Masharti hayo ya mwisho ndugu msikilizaji wa Rumonge hana budi kuyasikia vizuri kuliko mwenzake wa London. Kipimo hiki kimejengwa juu ya hemoglobini ya kawaida na juu ya chembe nyekundu inayoishi siku zake zote. Katika nchi yenye malaria, mambo hayo mawili hayana hakika. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alizunguka Afrika Mashariki tangu mwaka 1949 akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba wenye chembechembe za selimundu kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi sana pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu yake: chembe hizo humkinga mtu na malaria kali, kwa hiyo zimedumu pale penye mbu. Burundi ina milima yenye baridi na ina Imbo, na mwambao wa ziwa upo chini kabisa katika nchi, mita zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari, penye joto na mbu.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walilinganisha Wamarekani weusi wenye asili hiyo ya selimundu na wasio nayo. Sukari ya damu ikiwa sawa, wenye selimundu ya mzazi mmoja walionyesha hemoglobini A1c iliyo chini kwa takriban 0.3 ya asilimia. Tarakimu hiyo ni ndogo kwa anayeisoma, lakini ndiyo inayoweza kumpitisha mtu chini ya mstari wa 6.5 na kumrudisha nyumbani akiambiwa kwamba ni mzima. Malaria inayoua chembe nyekundu kabla ya wakati wake hufanya vivyo hivyo, kwa maana daftari huchanwa kabla halijaandikwa likajaa. Upungufu wa madini ya chuma, ambao nao si haba kwa kina mama, waweza kuipandisha tarakimu isivyo kweli. Ni ajabu ya historia kwamba kipimo kilichogunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida hupotoshwa na hemoglobini hizo hizo.

Haya hayasemwi ili kipimo kitupwe. Kinatumika, na mahali kilipo kinafaa sana. Ila kinataka kisomwe pamoja na sukari ya asubuhi kabla ya kula, na daktari aulize habari za homa ya karibuni na za upungufu wa damu. Mashine ikinunuliwa bila mtu wa kuuliza maswali hayo, fedha ya umma itakuwa imekwenda kununua tarakimu.

Tena kuna vipimo vingine vinavyohusu mishipa ya damu moja kwa moja. Katika uchunguzi ule ule wa Waingereza wa mwaka 1998, watu 1,148 waliokuwa na kisukari pamoja na shinikizo la damu waligawanywa mafungu mawili. Fungu lililotunzwa kwa ukali lilifikia shinikizo la wastani wa 144 juu ya 82, na lingine 154 juu ya 87. Tofauti hiyo ya 10 tu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 44, vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32, na madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Mkanda wa kupimia shinikizo la damu hauhitaji jokofu wala umeme wa usiku kucha, na muuguzi wa zahanati yoyote anaujua. Kadhalika albumini kidogo katika mkojo, kama walivyoonyesha Giancarlo Viberti wa London mwaka 1982 na Carl Erik Mogensen wa Denmark mwaka 1984, hutangaza miaka kadhaa mapema kwamba figo zimeanza kuvuja.

Huenda mtu akauliza kama ugonjwa huu kweli unawahusu wavuvi na wakulima wa michikichi. Mfano wa karibu ni Tanzania, jirani wa ziwa hili hili, ambako hesabu zimewekwa kwa uangalifu. Donald McLarty, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Muhimbili, pamoja na wenzake Watanzania, walipima watu wa vijiji sita, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila watu 100. Uchunguzi wa miaka ya 1996 na 1997 ulikuta mjini Dar es Salaam karibu watu 6 katika kila watu wazima 100. Na ule wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikuta 9 katika kila 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Muda wa miaka 23 tu umepita kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho. Vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa sawa kila mara, lakini mwelekeo hauna ubishi. Rumonge nayo imekua na kuwa mji wa bandari, soko na pikipiki, na kuanzia mwaka 2015 hadi 2025 ilikuwa makao makuu ya mkoa wake yenyewe, kabla ya kuingizwa katika mkoa wa Burunga. Palipokuwa pakiendwa kwa miguu sasa pakiendwa kwa pikipiki, na soda ikiuzwa kila kona, sababu zilizoibadili Dar es Salaam hazina haja ya pasipoti. Wengine huyalaumu mawese. Mawese hayana sukari, ijapokuwa yakizidi huongeza mafuta katika damu, na lawama yapaswa igawanywe kwa haki.

Muhimbili imeacha pia fundisho lingine, nalo lahusu miguu. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioamka asubuhi wakakuta vidole vyao vimetafunwa na panya. Hawakuhisi lolote usiku kucha, kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa. Kidonda kama hicho, kikikutana na mshipa mkubwa uliobanwa, huishia kwenye msumeno. Tangu mwaka 2004 Tanzania iliendesha mpango wa kuwafundisha daktari na muuguzi wa hospitali moja, wawili pamoja, kuikagua miguu, kusafisha vidonda na kumfundisha mgonjwa kuvaa viatu, na idadi ya waliokatwa miguu katika vituo hivyo ikapungua. Mpango huo haukungoja mashine kubwa.

Mvuvi wa Rumonge hukanyaga mawe ya ufukwe na mbao zenye misumari miguu ikiwa mitupu, usiku, kwa mwanga wa karabai. Akikatwa na kitu naye hahisi, ataendelea na kazi yake mpaka mwenzake aone damu ndani ya mtumbwi. Chombo cha kupimia hisia ya mguu ni uzi wa nailoni ulio mgumu kidogo, uliotengenezwa upinde pale unaposukumwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa chini ya kidole gumba na chini ya wayo, naye huulizwa kama amehisi. Asiyehisi huandikwa katika daftari la watu wanaopaswa kutazamwa miguu mara kwa mara. Kazi hiyo huchukua dakika zisizozidi tano, na zahanati ya mwambao yaweza kuianza pasipo kungoja maabara.